Mkono Ndani ya Kanga

Sehemu ya kumi na moja

"Hawaoani hao!"

Haya jamani, shusheni pumzi. Najua neno hilo mmelala nalo wiki nzima, maana hapo ndo nilipowaachia. Kuna dada mmoja wa Kilindoni kanitumia meseji ya sauti, kanitukana vizuri tu, anasema chakula hakipiti kooni. Dada yangu, vuta mkeka ukae. Leo kitapita na machozi.

Kwa wewe uliyechelewa: tupo Utende, kwenye ile nyumba kubwa ya marehemu Mzee Ghalib, wenye minazi, wale ambao jina lao likitajwa watu wanajiweka sawa kwenye kiti. Haitham, mtoto wao wa pekee, kesho Ijumaa anatakiwa kumwoa Ruwaida. Basi si kasimama sebuleni! Mbele ya mama yake Bi Jokha, mbele ya Shehe Luqmani, mbele ya wajomba wa bibi harusi, akasema kwa kinywa chake: simwoi Ruwaida, namwoa Mize.

Mize! Mtumishi wa ndani! Na mwenyewe yupo pale pale, kashika sinia la kahawa.

Shehe akauliza kama kuna kizuizi. Sauti ikatoka mlangoni.

Vichwa vyote vikageuka.

Alikuwa Bi Safia, mama yake Mize, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumba hii hii. Katoka Jibondo na mashua, pindo la kanga linachuruzika maji ya chumvi, ndala kazishika mkononi.

"Mama?" Vikombe vikagongana kwenye sinia la Mize.

Bi Jokha hakuweza kujizuia. "Nyie watu wa Jibondo, maji ya kunywa mlikuwa mnaletewa na mashua. Leo mashua imegeuka, inaleta maneno huku?"

Bi Safia hata hakumtazama. "Shikamoo shehe."

"Marahaba Bi Safia. Umesema hawaoani. Kwa nini?"

"Hawa ni ndugu."

Wee! Sebule nzima ikatazama ukutani, kwenye picha ya marehemu Ghalib, kofia yake ya nyuzi za dhahabu na ndevu zake. Mjomba mmoja akasema lahaula. Bi Jokha akasimama kama aliyekalia mwiba.

"Safia! Na mume wangu?"

"Hapana Bi Mkubwa. Marehemu hana dhambi hiyo, Mungu amrehemu. Ndugu wa ziwa."

Hapo kila mtu akaelewa. Nyie wenyewe mnajua: mtoto akinyonya kwa mwanamke akashiba, ashakuwa mwanawe, na watoto wa yule mwanamke washakuwa ndugu zake. Hata mpendane miaka mia, hamwoani.

"Mwaka ule ulipougua ukapelekwa Dar," Bi Safia akamwambia Bi Jokha, "Haitham mchanga kabisa. Ulimwacha na nani?"

"Na wewe."

"Na mimi nilikuwa namnyonyesha Taufiki wangu. Wako alikuwa analia mpaka anabadilika rangi. Nikampa."

Shehe akauliza taratibu, "Alinyonya akashiba? Si kuonja?"

"Alishiba. Kila siku mpaka mama yake aliporudi."

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Ningemwambia nani, shehe? Na sikujua kama wanapendana. Taufiki ndo kanipigia simu kaniambia dada yake kaingia matatizoni."

"Wallahi?"

Bi Safia akaziweka ndala chini.

"Wallahi."

Nilidhani Bi Jokha atacheka. Si ndo alichokuwa anakitaka? Kumbe wapi. Yule mama mwenye maneno kama pilipili alijishusha chini kwenye zulia, akajifunika uso.

"Safia," akasema, "ulimshibisha mwanangu na hukuniambia hata nikakushukuru?"

Na akalia kweli. Hilo liwekeni akilini.

Haitham alikuwa bado kasimama, kabana tasbihi kwenye kiganja mpaka punje zinamwandika. "Shehe. Hakuna namna?"

"Mwanangu, ziwa halina namna. Hata lingekuwa na shaka, ningekwambia uache."

"Mimi nimesema mbele ya watu nitamwoa."

"Ulisema hujui. Sasa umejua. Huyu ni mama yako. Nenda kamsalimie mama yako."

Haitham akaenda. Akapiga magoti mbele ya Bi Safia, macho yamejaa, hata mbele haoni. Akanyoosha mikono kuupokea mkono wa mama yake wa ziwa aubusu.

Na Bi Safia, kwa haraka, bila kufikiri, akavuta ncha ya kanga, akauzungushia mkono wake, ndo akampa.

Haitham akaibusu kanga.

Watu wote wanamtazama kijana anavyolia. Wajomba wanafuta pua. Shehe kafumba macho anaomba dua. Lakini Mize aliuona ule mkono.

Si desturi yetu hiyo? Mwanamke akimpa mkono mwanamume asiye maharimu wake, anaufunga na kanga. Kaka yako humfungi. Mwanao humfungi! Taufiki akirudi baharini ananuka dagaa, Bi Safia anampa mkono mtupu na busu la kichwa juu. Mkono haujui kusema uongo kama mdomo. Ulimjua Haitham ni nani kwake, na ukajifunika.

Mize akaweka sinia chini. Akatoka, hakuaga mtu.

* * *

Jiko la uani, vifuu vya nazi vinawaka chini ya birika. Bi Safia akamfuata huku anajifanya anatafuta maji ya kunywa.

"Mama, umefunga mkono."

"Mkono gani?"

"Mwanao wa ziwa, umempa mkono ndani ya kanga."

Bi Safia akautazama mkono wake kama kauokota njiani. "Mazoea tu, mwanangu."

"Ndo nasema mimi. Mazoea. Kwa hiyo hujawahi kumwona mwanao hata siku moja."

Kifuu kikapasuka motoni, pa!

"Bi Jokha kakupa nini, mama?"

"Hakunipa kitu."

"Kakuahidi nini?"

"Mize, shika adabu! Jokha hajui chochote. Hukumwona alivyokaa chini? Na yeye nimemdanganya. Nimewadanganya wote."

Jamani wasomaji wangu, mimi mwenyewe hapa niliinuka nikazunguka chumba. Kumbe hakuna aliyemtuma! Mama mtu mwenyewe!

"Huyo mtoto alilelewa kwa maziwa ya kopo na kijiko," Bi Safia akasema, sauti imeshuka. "Alilia, ndiyo, na ziwa langu lilikuwa linavuja kwa kumsikia. Bibi yake, mama yake Ghalib, akaja kusimama hapo hapo uliposimama. Akaniambia: Safia, muogeshe, mbebe, mlaze, lakini ziwa lako asitie mdomoni. Hatutaki undugu na jikoni."

"Sasa mbona leo umeuleta undugu?"

"Wewe bibi yangu unamjua alikuwa anaitwa nani?"

"Bibi Furaha."

"Hilo si jina alilopewa na mama yake. Nyumba hii ndo ilimpa, kama unavyompa jina paka. Wazee wake walikuwa watumwa wa humu. Utumwa ukaisha, yeye akabaki jikoni, maana aende wapi? Baba yake Ghalib akampenda."

Mize hakuwahi kulisikia hilo.

"Akampenda kweli, sikatai. Akamwoa kwa siri huko Chole, mashahidi wavuvi. Akamwapia atawaambia ndugu zake. Siku ndugu walipojaa kwenye sebule hiyo hiyo uliyotoka, wakamwuliza: huyu nani yako? Akasema, huyu mtu wa jikoni."

"Mama..."

"Subiri. Akaletwa bibi harusi kutoka Unguja. Huyo huyo aliyekuja kunizuia kunyonyesha. Na siku ya harusi, Mize, aliyepita na birika akiwamiminia wageni chai ni bibi yangu. Chai ya harusi ya mume wake! Alimimina vikombe vyote, akaviosha, akavipanga kabatini, akapanda mashua kwenda Jibondo. Hakukanyaga tena Utende mpaka anazikwa."

"Na wewe ukaja kufanya kazi humu. Ukanileta na mimi."

"Njaa, mwanangu. Jibondo mawe hayaoti mpunga."

Mize akafuta macho na kiganja. "Haitham si babu yake. Ulikuwa mlangoni. Hukumsikia? Kasema mbele ya watu wote! Hakusema mtu wa jikoni. Kasema Mize!"

Bi Safia akakaa kwenye kibao cha mbuzi.

"Nilimsikia," akasema.

"Sasa?"

"Nilikuwa nimeshalibeba lile neno tangu Jibondo. Njia nzima kwenye mashua nalipanga. Nilijua nitamkuta kanyamaza, kainamisha kichwa kama babu yake. Namkuta kasimama anasema. Nikashindwa kulirudisha, Mize. Mdomo ulishafunguka."

Hapo ndo Mize alipopiga kelele ya ndani kwa ndani, ile ya kuuma kanga.

"Basi kamwambie shehe."

"Nimwambie nimeapa uongo kwa jina la Mungu? Mbele ya wajomba wa watu? Kesho kisiwa kizima, kuanzia hapa mpaka Bweni, mimi ni Safia wa kiapo cha uongo. Nani atakula kilichopikwa na mkono wangu? Nani ataniita kuosha maiti?" Akainua uso. "Lakini wewe sikuzuii. Ukitaka kusema, nenda kaseme. Sitakukana. Katika ukoo wetu tushakanwa vya kutosha."

Mize akafungua mdomo.

"Mize!"

Ilikuwa sauti ya Haitham, kutoka sebuleni.

* * *

Alikuwa kanawa uso. Kavaa kofia yake vizuri. Kapauka kama mtu aliyetoka homani.

"Shehe, naomba ushuhudie," akasema. "Watu wataongea. Watasema tulikuwa tunafanya nini humu ndani. Mimi na Mize miaka miwili tumependana, na hatujawahi kushikana mikono. Hata mara moja. Hata akinipa kikombe, anakiweka mezani, mimi nakichukua mezani. Si kweli, Mize?"

"Kweli."

"Tulisema tutashikana siku ya ndoa." Akajaribu kucheka, akashindwa. "Sasa imekuwa hivi. Ndugu yangu. Basi leo niruhusiwe kumsalimia dada yangu kama watu wanavyosalimia dada zao."

Akanyoosha mkono.

Jamani. Jamani! Hebu niambieni nyie mngefanya nini.

Bi Safia yuko kwenye mlango wa ukumbini, kashika fremu. Mize anamwona kwa pembe ya jicho. Kanga yake Mize iko begani, ncha inaning'inia hapo hapo karibu na vidole. Akiivuta, akiuzungushia mkono wake kama anavyofanya kwa kila mwanamume asiye wake, amemaliza. Kila mtu atauliza: mbona unamfungia kaka yako mkono? Hahitaji kusema neno hata moja. Haitham atakuwa wake, na mama yake atakuwa amevuliwa nguo mbele ya watu.

Na asipoivuta, anamshika mwanamume ambaye hana haki ya kumshika, anampoteza, na yeye ndo anajua.

Mkono wa Haitham uko hewani.

Mize akatoa mkono wake mtupu, akampa.

Ulikuwa wa moto. Ndani ya kiganja kulikuwa na vishimo vidogo vidogo vya punje za tasbihi, akavigusa kimoja kimoja. Ndo mara ya kwanza. Alikuwa ameuwaza mkono huo akichota maji, akipeta mchele, akikunja mashuka ya Haitham mwenyewe. Alikuwa ameuwaza una hina ya harusi.

"Hujambo kaka?" akasema.

"Sijambo dada."

Akauachia. Nani alimwachia mwenzake kwanza sijui, na hata wao nadhani hawajui.

Shehe Luqmani akasema alhamdulillahi, kila jambo na heri yake. Mjomba mkubwa wa Ruwaida akajikohoza. "Basi, kwa vile kizuizi kimepatikana, na pilau lishawekewa ng'ombe, si harusi iko pale pale?"

Wote wakamtazama Haitham.

"Fanyeni mnavyotaka," akasema, na akakaa.

Bi Jokha akafuta macho. Sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote, na hilo ndo lilimchoma Mize zaidi. "Mize, mwanangu, wageni hawajanywa kitu. Tuletee chai."

* * *

Birika lilikuwa linachemka, mfuniko unacheza. Bi Safia kaenda kutawadha kisimani, maana alasiri ilikuwa inaadhiniwa, na alisema anahitaji kusali kabla hata ya kumtazama mtu usoni. Mize yuko peke yake jikoni. Anapanga vikombe kwenye sinia. Vikombe vya zamani, vya ukingo wa dhahabu, vile vinavyotolewa siku za heshima tu.

Akashika kimoja akakigeuza. Kina ufa mwembamba, umri wake haujui. Akajiuliza kama Bibi Furaha naye alikiosha.

Mlango wa uani ukasukumwa kwa kiwiko.

Akaingia mtu kajifunika baibui mpaka puani. Kanyanyua mikono yote miwili juu kama anayesalimu amri, na mikono yenyewe imechorwa piko mbichi mpaka juu, maua, majani, vikuku.

Wasomaji wangu, shikeni moyo. Ruwaida!

Bibi harusi mwenyewe! Anayetakiwa kuwa kafungiwa ndani anasingwa mpaka kesho! Somo wake, yule mama anayemfunda, angemwona angezimia.

"Dada Ruwaida? Umefikaje huku?"

"Na bodaboda. Usinishike, piko halijakauka." Akaufunga mlango kwa kisigino, haukufunga vizuri. "Nilisikia mtu anataka kunikataa leo sebuleni kwa watu. Ulitaka nikae ndani nalishwa asali? Nimekuja nimsikie mwenyewe. Nimekaa nyuma ya pazia la ukumbini saa nzima, mguu umekufa ganzi."

Mize akaweka kikombe chini. "Basi umesikia. Mambo yameisha. Utaolewa kesho."

"Nimesikia. Na nimeona."

"Umeona nini?"

"Mama yako akimpa mkono mwanawe."

Birika likatoa mvuke. Mize alishika ukingo wa meza.

"Mi ni mtoto wa watu, Mize, sio mjinga," Ruwaida akasema. Na hapo sauti yake ikakatika kidogo, ikawa ya mtoto. "Nilifurahi kwanza, nakwambia ukweli. Bi Safia aliposema ziwa, nilishukuru Mungu nyuma ya pazia. Halafu nikauona mkono. Nikakuona na wewe umeuona. Nikasema huyu sasa atapiga ukelele, atamrudisha mtu wake. Ukaja, ukampa mkono mtupu."

"Yule ni mama yangu."

"Najua. Na mimi ningefanya hivo hivo. Ndo maana sikurudi nyumbani, nimekuja huku." Akasogea. Piko linanukia karafuu. "Yeye hajui. Mama yake hajui. Shehe hajui. Kesho nitakaa kwenye zulia na mwanamume aliyesema fanyeni mnavyotaka. Hivo ndo nataka kuolewa mimi? Kama kigari cha nazi, kisukumwe tu?"

"Ruwaida, tafadhali."

"Basi niambie wewe, maana mimi nimeshindwa. Nirudi pale sebuleni niseme nilichokiona, mama yako aumbuke? Au ninyamaze, niolewe, na wewe kesho upite na hilo birika unimiminie chai ya harusi yangu?"

Mize akakitazama kile kikombe chenye ufa.

Ruwaida hakujua amesema nini. Hakuwahi kumsikia mtu anayeitwa Furaha. Alisema tu, kama watu wanavyosema.

Kutoka sebuleni sauti ikaita, ya kistaarabu, ya upole, sauti ya mtu anayejaribu kuzoea neno jipya.

"Dada! Dada Mize! Chai vipi?"

Mize alikuwa ameshalinyanyua birika. Mvuke ulimpiga usoni, akalishika hivo hivo, zito. Nje kule kisimani mama yake alikuwa anajimwagia maji miguuni, anasoma dua kwa sauti ya chini.

Akalirudisha birika juu ya vifuu.

"Dada Ruwaida," akasema. "Huo mlango haukufunga vizuri. Ufunge."